Cherehani na Nzi wa Mabawa Wima

Wifi yangu hajui kukaa. Sisemi kwa kumsengenya. Mwenyewe analijua hilo, na kila aliyewahi kumvutia kiti analijua. Ukimwambia karibu ukae, atakaa kama kuku anayetafuta pa kutagia: atajaribu hapa, atainuka, atazunguka, atajaribu pale, na mwisho utamkuta jikoni anasugua sufuria ambayo wewe uliamini ni safi. Kazini walimpa jina la Cherehani kwa sababu mguu wake wa kulia haukomi kukanyaga, hata akiwa ameketi mezani na mikono yote miwili ina shughuli. Siku akikosa kuja, chumba kinakuwa kimya mpaka tunaulizana kama saa ya ukutani imesimama.

Kazi yake ni kutunza nzi. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hata mimi nilicheka mpaka machozi siku ile kaka yake, kabla hajawa mume wangu, aliponiambia kwamba dada yake analipwa kwa kulisha nzi. Kicheko kilikatika nilipoolewa, nikatafuta kazi nikakosa, na Cherehani huyohuyo akanishika mkono akanipeleka kwa nzi wake. Nilikuwa nimesomea mambo ya maabara, kwa hiyo nikapewa hadubini na kazi ya kupasua na kupiga picha. Tangu hapo tumekuwa mawifi nyumbani na majirani wa meza kazini, na yeyote mwenye wifi anajua kwamba hiyo ni dozi kubwa.

Nzi wenyewe si hawa wakubwa wa chooni. Ni vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Cherehani huwapikia uji mzito wa unga wa mahindi, hamira na sukari guru, akaumimina chini ya vichupa, ukiganda anawatia nzi ndani na kuziba mdomo kwa pamba. Harufu ya hamira inatuingia kwenye nywele, na nyumbani wanangu huninusa wakaniuliza mkate uko wapi. Vichupa vimepangwa kwenye rafu kwa safu, na kila safu ni aina moja ya nzi waliozaana wao kwa wao miaka nenda miaka rudi. Sisi tunaiita ukoo. Kila ukoo una kasoro yake ndiyo maana umewekwa. Asiye na kasoro hatuna haja naye. Cherehani husema hata binadamu ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba sisi hatujabandikwa lebo.

Ukoo uliotuhangaisha ni ule tunaouita Wima. Nzi wa Wima wana mabawa yaliyosimama juu ya mgongo, kama mtu aliyeamriwa anyooshe mikono asitikisike. Wanatembea, wanakula, wanazaa, lakini hawaruki. Mabawa yenyewe hayana neno. Ubaya uko kwenye misuli ya kurukia, iliyojaa kifuani mwa nzi, mingine imesimama na mingine imelala, ikibana na kuachia kuta za kifua kwa kasi ambayo jicho halifuati. Ndani ya msuli kuna nyuzi nene na nyuzi nyembamba. Nyuzi nene zina mikono midogo inayozivuta zile nyembamba. Kila mvuto una mwisho wake, na katikati kuna kitu kama kufuli kinachoambia mikono ile basi, achia. Kwa nzi wa Wima, jeni ya kufuli hilo imebadilika mahali padogo sana. Kufuli halifungi. Mikono inavuta, na ikiambiwa iachie inaendelea kuvuta.

Kinachonisikitisha ni kwamba nzi wa Wima akiwa bado pupa, amejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi kamili, msuli wake unajengeka sawasawa. Nimewapasua wengi, najua. Anatoka siku ya kwanza mzima, anaanza kuutumia, na msuli unajivuta mpaka unajipasua katikati. Chini ya taa ya hadubini, ambapo msuli mzima hung'aa toka ukuta hadi ukuta na pingili zake zimepangika kama za muwa, wake unaukuta umejikunja huku na huku, mafundo mawili, na katikati pengo.

Mara ya kwanza nilipomwonyesha Cherehani picha ya namna hiyo, aliitazama, mguu unakanyaga, kisha akasema, "Kama mama." Akaondoka kwenda kuosha vichupa vilivyokwisha kuoshwa.

Mama yao, yaani mama mkwe wangu, sikumkuta akiwa na afya. Alikuwa akishika kikombe, chai ikiisha, kikombe kinabaki mkononi. Vidole havikukiachia. Alikitazama kile kikombe kwa aibu, akisubiri mkono wake umtii, na wanawe walikuwa wamefundishwa kutokumkimbilia. Baadaye miguu ikaja, ikafuata shingo, na mwishowe pumzi. Madaktari walisema ni ugonjwa wa misuli unaotembea ndani ya damu ya familia, kwamba mtoto anaweza kuurithi au asiurithi, na kwamba kuna kipimo. Hiyo ndiyo habari niliyoolewa nayo. Na tangu niingie katika ukoo ule nilijua, au nilidhani najua, ni nani aliyeurithi.

Kwani nani mwingine? Mume wangu ni mtu mtulivu, mnene wa wastani, mwalimu wa hesabu ambaye hata wanafunzi wakimchokoza huwajibu kwa kicheko. Dada yake ndiye asiyetulia. Tena alikuwa na mchezo mmoja uliokuwa ukinitia wasiwasi: katikati ya kazi, anapodhani hakuna anayemwona, alikuwa akifumba ngumi, anaikaza, halafu anafumbua vidole polepole, kimoja kimoja, akivitazama. Halafu tena. Nikawa namchunga. Nikawa nahesabu moyoni vidole vinachukua muda gani, na kila siku nilirudi nyumbani na hofu ileile. Nilikuwa nampenda, ndiyo, pamoja na usumbufu wake wote. Na nilikuwa nimekasirika, kwa sababu kipimo kipo na hospitali iko mwendo wa mguu, na mtu mzima anakaa anajipima kwa ngumi.

Jioni alikuwa akipitia kwetu kabla ya kwenda kwake. Hakuwa mtu wa kupiga hodi mara mbili. Wanangu wawili walimrukia, shangazi, shangazi, naye aliwapapasa vichwa na kwenda moja kwa moja kwa kaka yake kumsalimia kwa mkono. Salamu zao zilikuwa ndefu ajabu. Watu wameshikana mikono, habari za leo, nzuri, za kazi, nzuri, na bado wameshikana. Niliwatania kwamba wanasalimiana kama marais wawili wanaosubiri wapiga picha wamalize. Mume wangu alicheka. Cherehani hakucheka, na mimi nikasema moyoni, maskini, ule mkono umeanza.

Akiondoka, kaka yake alimsindikiza mpaka mlangoni, na hapo tena maneno. Mume wangu ni mtu wa kuaga mara tatu. Hushika kitasa, mlango uko wazi, mbu wanaingia, naye anaanza kisa kipya cha mwanafunzi aliyegawanya kwa sifuri. Nilizoea. Kila mtu ana lake, na wa kwangu nilisema ana kitasa.

Sasa niseme lile la kichupa. Pale kwetu huwezi kung'oa pamba ya kichupa hivihivi. Kwanza unakigonga kwenye kipande cha mpira mezani, nzi wanaanguka chini, halafu ndani ya kufumba na kufumbua unang'oa pamba, unafunikiza kichupa kipya juu yake, unavigeuza, unagonga tena, nzi wamehama. Asiyegonga atakuwa na nzi kwenye chai. Lakini kwa ukoo wa Wima hakuna aliyekuwa akigonga. Cherehani hakugonga, mimi sikugonga, hata Profesa mwenyewe, mkuu wa maabara, akikaribia rafu ile alikuwa aking'oa pamba huku anazungumza. Ya nini kuwagonga watu wasioruka? Ulikuwa uvivu wetu wa pamoja na hatukuuona kuwa ni kosa.

Asubuhi hiyo Cherehani alikuja na macho mekundu. Jioni iliyotangulia alikuwa ameondoka kwetu ghafla. Nilikuwa bafuni nikiogesha watoto, nikasikia sauti yake na ya kaka yake zimepanda, halafu mlango. Mume wangu alisema ni mambo yao ya zamani. Basi kazini sikumuuliza. Alichukua kichupa cha Wima, akang'oa pamba, na nzi mmoja akatoka akaruka.

Hakuruka vizuri. Alipanda kwa mshazari, akayumba, akagonga kifuniko cha taa, akaelea tena mpaka kioo cha dirisha. Lakini aliruka. Cherehani alisimama na pamba mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mguu wake ulinyamaza. Halafu akalifuata dirisha, akamfunikia kichupa pale kiooni, akamziba. Macho ya nzi huyo yalikuwa meupe, alama ya ukoo wa Wima. Nzi wa porini macho yao ni mekundu. Tatizo ni kwamba rafuni tulikuwa na koo nyingine kadhaa za macho meupe, nazo zinaruka.

Profesa aliitwa. Si mtu mkali. Ana uchovu wa mtu aliyeona miradi mingi ikifa. Alimtazama yule nzi, akatazama rafu, akasema huyu ni mgeni, umechanganya. Akaongeza kwamba hutokea kwa kila mtu, mkono huteleza, nzi mmoja wa ukoo mwingine anaingia na baada ya vizazi viwili hakuna ukoo tena. Kanuni ya maabara ilikuwa inajulikana: ukoo uliochanganyika unakwenda kwenye jokofu kufa. Kijana aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya Wima, ambaye sisi tunamwita Miwani, alikuwa amekaa chini sakafuni na kichwa kati ya magoti. Kazi yake yote ilikuwa kwenye rafu ile.

Cherehani alisema hajachanganya. Alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti. Na mimi, wifi yake, niliyemjua kuliko wote mle ndani, nilisema nini? Nilisema haraka haraka haina baraka, kwamba mtu akikosa utulivu wa roho hata mkono haumtii. Nilidhani nimesema kwa hekima. Nilikuwa nafikiria ngumi yake. Aliniangalia.

"Hata wewe," alisema, "unadhani ni mkono wangu."

Miwani ndiye aliyeomba. Aliinuka sakafuni, akafuta vioo vyake, akamsihi Profesa asiwagandishe kwanza. Katika chumba cha baridi kidogo, ambamo nzi huzaana polepole, kulikuwa na akiba ya Wima isiyoguswa. Angemwoza yule dume majike wa akiba, angoje watoto na wajukuu, kisha awapime jeni. Kama dume ni mgeni, kufuli lake litakuwa zima. Kama ni wa ukoo, kasoro itakuwa palepale, na itabidi wote tujiulize amewezaje kuruka. Profesa alivuta pumzi, akakubali, akasema wakati wa kungoja Cherehani asishike koo zozote. Aoshe vichupa.

Basi akaosha. Mtu asiyetulia ukimnyang'anya kazi yake ni kama kumfungulia bomba na kuziba ndoo. Alisugua vichupa, alisugua rafu, alisugua miguu ya viti. Alihesabu pamba. Nikiinua kichwa kwenye hadubini namkuta kasimama mlangoni akitazama rafu ya Wima, ngumi inafumba, inafumbua. Nzi hawaharakishwi, yai, buu, pupa, nzi, kila kitu na wakati wake, na mle ndani hakuna aliyekuwa akilala vizuri. Miwani alikonda. Mimi niligombana na mume wangu juu ya vitu vya kijinga, sahani aliyoiangusha, chupa ya mafuta aliyonipa niifungue kama vile yeye hana mikono. Hata watoto walianza kutembea kwa vidole vya miguu.

Wajukuu walipotoka tuliwapeleka kwenye bomba. Ni bomba refu la plastiki angavu lililopakwa mafuta ndani. Unawamwaga nzi kwa juu, anayeruka vizuri anakimbilia ukutani na kunasa karibu na mdomo, asiyeruka anaanguka mpaka chini kabisa. Wima siku zote ni chini, wote, kama mchele. Miwani alimwaga. Wengine walianguka kama mababu zao. Lakini wengine walinasa katikati, na wachache juu zaidi ya katikati. Cherehani alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Sikumgeukia, lakini nilisikia mguu wake ukikanyaga maji yaliyomwagika.

Siku chache baadaye Miwani alileta majibu ya jeni. Alikuja anakimbia, akasimama mbele ya Profesa, akamkabidhi karatasi. Wote walionasa katikati walikuwa na kasoro ya kufuli, ileile, palepale. Hakuna mgeni aliyeingia. Profesa alisoma, akasoma tena, halafu akaenda mwenyewe kwenye sinki alikokuwa Cherehani, akamwambia mbele yetu kwamba alikosea na kwamba rafu yake inamsubiri. Ni kitu ninachomheshimia. Cherehani alikausha mikono, akasema ahsante, na uso wake haukuonyesha furaha yoyote. Hilo lilinikera. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, na ni vigumu kumwomba radhi mtu ambaye mawazo yake yako kwingine.

Ilibaki kazi yangu: kutazama ndani ya vifua. Niliwapasua walionasa katikati, nikawaweka chini ya taa. Nilifikiri jicho limenidanganya. Msuli ulikuwa mzima. Mwembamba, pingili zake zimekwaruzika hapa na pale, lakini umefika toka ukuta hadi ukuta bila pengo. Miwani aliendelea kuchimba mpaka akapata sababu. Kulikuwa na badiliko la pili, kwenye jeni nyingine kabisa, ile ya nyuzi nene. Mikono inayovuta ilikuwa imelegea. Kufuli bado halifungi, mikono bado haiachii inapoambiwa, lakini kwa kuwa inavuta kwa unyonge, msuli haupasuki.

Jioni wengine walipoanza kufunga mikoba nilimwita Cherehani kwenye chumba cha hadubini. Nilimvutia kiti. Hakukaa. Nikamwekea picha ya Wima wa zamani, mafundo mawili na pengo, halafu ya mjukuu wa yule dume.

Aliinama akatazama muda mrefu. Aliuliza kama hiyo ina maana kasoro imeondoka.

"Haijaondoka," nilimwambia. "Ipo palepale. Amepata nyingine juu yake, na hii ya pili inaizuia ya kwanza isimpasue."

"Na anaishi nayo?"

"Anaishi. Anazaa. Anaruka, ila si kwa nguvu."

Aliuliza kama hiyo ni dawa. Nikamwambia ukweli, kama Miwani alivyotuonya wote: si dawa, huyu ni nzi, na ugonjwa wa mama haukuwa hata kasoro hii, ni nyingine. Tusijidanganye. Alitikisa kichwa kwamba anaelewa. Ngumi yake ya kulia ilikuwa juu ya meza, nami nikaiona inafumba, na uvumilivu wote wa miezi ukaniishia.

Nilimwambia basi, wifi, inatosha. Nilimwambia aende akapime, kwamba nimechoka kumchungulia vidole kama askari wa zamu, kwamba nitamsindikiza, nitakaa naye, majibu yakiwa mabaya nitamlea kama mwanangu, lakini akapime. Nadhani nililia kidogo. Yeye alikuwa mkavu.

"Nilishapima," alisema. "Kabla hata hujaolewa. Sina."

Sikumwelewa. Nilimuuliza, kama hana, hiyo ngumi ni ya nini.

"Najaribu kujua anavyojisikia."

"Nani?"

Alivuta kile kiti, akakigeuza, lakini bado hakukaa. Alikishika mgongo kwa mikono miwili.

"Wifi," alisema, "kila jioni namsalimia kaka kwa mkono. Unadhani ni mkono wa nani usioachia?"

Nyani haoni kundule. Mimi, mwenye kulipwa kutazama vitu visivyoonekana. Vitu vilianza kujipanga vyenyewe kichwani na sikuweza kuvizuia: sahani iliyoanguka, chupa ya mafuta, visa visivyokwisha mlangoni huku mkono uko kwenye kitasa. Halafu nikawafikiria wanangu, mmoja na mwenzake, na vidole vyao vidogo vinavyoshika kila kitu.

Aliniambia yaliyobaki kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamwangukia. Kaka yake hajapima. Anaamini kwamba akijua tu, ndiyo basi, atafuata njia ya mama hatua kwa hatua. Asipojua, mkono ni mkono tu, umechoka kwa chaki. Alimwapisha dada yake asiniambie. Alisema atanieleza mwenyewe watoto wakifunga shule. Shule zimefunga, zimefunguliwa, zimefunga tena. Cherehani akawa anapita kila jioni kumshika mkono, kuona umefika wapi, na kila jioni anarudi kwake hawezi kukaa, hawezi kulala, hawezi kula akiwa ameketi. Na ule ugomvi, siku ile nikiwa bafuni, alikuwa amemwambia kaka yake: usiposema wewe nasema mimi.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia leo. Alinionyesha ile picha kwa kidevu.

"Mimi nikimwambia kaka kwamba kuna mwenye kasoro na bado anaishi, hataniamini. Atasema namfariji. Wewe umemwona huyu nzi kwa macho yako. Mwambie wewe."

Tulitembea kwenda nyumbani. Yeye alikuwa mbele, kama kawaida, na mara mbili alilazimika kusimama kunisubiri. Nilikuwa nimekasirika na sijui nani wa kumkasirikia. Mume wangu, kwa kunificha. Wifi yangu, kwa kutunza kiapo. Mimi mwenyewe, kwa kupenda visa vya mlangoni na kutokuona kitasa. Hasira ilikuwa nzuri kwa sababu ilinifikisha. Ningeiacha ningekaa chini pale pale barabarani.

Mume wangu alitufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa na kicheko chake, kalamu sikioni, na nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kiti. Alianza mara moja: leo kuna mwanafunzi kaniambia pembetatu yake ina pembe nne, nikamwuliza, nne vipi, akasema ya nne imejificha. Mlango uko wazi, mkono uko kwenye kitasa. Nilimwacha amalize. Niliangalia vidole vyake, vimeshika chuma, vyeupe kwenye maungo, na uso wake ukicheka ili vipate muda wa kuachia.

Vilipoachia nilimnyooshea mkono wangu.

"Nisalimie," nilisema.

"Leo tumekuwa wageni?" Alicheka, lakini alimtupia dada yake jicho kabla ya kunipa mkono. Ulikuwa mkono wenye joto na vumbi la chaki. Niliukaza, naye akaukaza. Nikamuuliza habari za kazi, akasema nzuri. Nikafungua vidole vyangu vyote, na vyake vikabaki.

Kicheko kiliondoka polepole, na chini yake kulikuwa na mtu ambaye sikuwahi kumwona, mwenye hofu, mdogo kuliko umri wake. Alijaribu kuuvuta mkono wake kwa ule wa pili, kama mtu anayebandua kitu, na mimi nikauzuia.

Nyuma yetu nilisikia kiti kikivutwa, halafu uzito wa mtu ukishuka. Mwanangu mdogo akauliza, shangazi, unaumwa? Kwa sababu Cherehani alikuwa ameketi, mgongo umeegemea, mikono mapajani, na mguu wake umetulia.

"Siumwi," alimjibu. "Nimechoka."

Sikumgeukia. Mume wangu alikuwa akitazama mikono yetu kwa aibu ileile ya mama yake na kikombe, na midomo yake ilianza kuniomba radhi. Nikamwambia asiharakishe, ninayo habari ya nzi ya kumsimulia, ni ndefu. Sikuuvuta mkono wangu. Nilingoja auachie.